Reynolds 853: paipu ya sifa, na inachomdai fundi wa fremu

Mteja anayesema "nitengenezee fremu ya 853", yaani fremu ya baiskeli ya paipu za chuma za Reynolds zenye namba hiyo, kwa kawaida anataka mambo matatu kwa mpigo: fremu nyepesi, fremu isiyoyumba mlimani, na fremu isiyomuumiza mgongo. Paipu hii inaweza kumpa la kwanza, tena kwa kiasi. La pili na la tatu hayamo kabisa ndani ya namba hiyo. Fundi anayemwambia vinginevyo anauza stika.

Tathmini hii inaziangalia paipu zenyewe kabla na baada ya moto: zinavyokatika, zinavyopokea joto, zinavyogoma kunyooshwa, na mahali zinapopasukia. Tumeziweka bega kwa bega na ndugu zake wa nyumba moja, yaani 725, 631 na 525, maana swali analokutana nalo fundi mezani ni lipi kati ya hao liende kwenye kiungo gani.

Kwa ufupi tu kuhusu ukoo: Reynolds ni kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza kwa kutengeneza misumari. Mwaka 1897 ikapata hataza ya paipu yenye ncha nene na tumbo jembamba. Mwaka 1935 ikaja 531, chuma cha manganizi na molibdenamu kilichotawala fremu za mashindano kwa miongo. 853 ilitoka mwaka 1995, na sifa iliyoitofautisha na waliotangulia ni moja: ikichomelewa na kuachwa ipoe yenyewe, ukanda wa kando ya mshono hukomaa hewani badala ya kulainika.

Namba zinamaanisha nini

Kata kipande cha 853 na kipande cha 525, vyote vya kipenyo kimoja na unene mmoja wa ukuta, kisha uvitundike mzigo uleule. Vitapinda sawasawa. Ukakamavu wa chuma ni gigapaskali 200 na ushei, na hauongezeki kwa kutia kromiamu kidogo wala kwa kukomaza kwa joto. Kinachobadilika ni mzigo ambao paipu itaubeba kabla haijapinda moja kwa moja au kukatika. Mtengenezaji anaipa 853 megapaskali 1250 hadi 1400 za nguvu ya mvutano, 725 anaipa 1080 hadi 1280, 631 ni 800 hadi 900, na 525 ni 700 hadi 900.

Kwa hiyo faida ya 853 ni ruhusa ya kutumia ukuta mwembamba zaidi bila kuogopa kukatika. Sasa pima ruhusa hiyo ina uzito gani. Paipu ya chini ya kipenyo cha mm 34.9, ikiwa na tumbo la mm 0.6, ina gramu 507 hivi kwa mita. Tumbo likiwa mm 0.5 zinabaki gramu 424. Lakini tumbo lenyewe kwenye fremu ya kawaida halizidi sana sentimita 40, kwa hiyo umeokoa gramu 33 hivi kwenye paipu hiyo. Fanya hivyo kwenye paipu zote tatu kubwa, ongeza kile kinachopungua kwenye ncha, na bado unazungumzia uzito ambao chupa ya maji iliyojaa inauzidi mara kadhaa.

Ukakamavu unatoka kwenye kipenyo. Ukihama kutoka mm 28.6 kwenda mm 31.8, unene ukibaki mm 0.5, paipu inakuwa kakamavu zaidi kwa karibu asilimia 38 huku uzito ukiongezeka asilimia 11 tu. Mteja mzito anayelalamika kwamba fremu inayumba akikanyaga asimame, hoja yake iko hapo. Mpe 525 ya kipenyo kikubwa na ataridhika kuliko kupewa 853 nyembamba ya mm 28.6. Na yule anayetaka ulaini, mwongezee upana wa tairi kabla hujagusa orodha ya paipu.

Kuna mpaka lakini. Gawa kipenyo kwa unene: 34.9 kwa 0.5 ni karibu 70. Ukizidi hapo, ukuta unaanza kuwa kama kopo la soda. Hauchoki wala haukatiki, unabonyea tu. Usukani ukizunguka na kuigonga paipu ya juu yenye tumbo la mm 0.4, alama inabaki. Baiskeli ikiegemezwa kwenye nguzo vibaya, alama inabaki. Nguvu za megapaskali 1400 zinasaidia kiasi, ila haziondoi tatizo. Kwa baiskeli itakayofungwa minyororo kwenye vyuma vya maegesho kila siku, tumbo la mm 0.4 ni anasa isiyo na akili.

Tupa na msumeno

Hapa ndipo fundi anapoijua 853 mara ya kwanza. Chukua tupa ya nusu duara iliyotumika miezi sita kwenye 525 na uiweke kwenye 853: inateleza, inapiga mluzi, inang'arisha bila kula. Tupa mpya inakula, ila fupi. Msumeno wa kikombe unaochonga midomo (ncha zilizokatwa mviringo zikumbatie paipu nyingine) kumi na zaidi ya 525 kabla meno hayajachoka utaanza kupiga kelele mapema sana kwenye 853. Dawa ni mwendo wa pole, mafuta ya kukatia mengi, na jiliwa yenye mbao zilizochimbwa mviringo wa paipu ili ukuta usibonyezwe. Ukizungusha kwa kasi, meno yanapata moto, yanapoteza makali, na kuanzia hapo unasugua tu.

Mdomo uliochongwa ukae kwenye paipu ya pili bila mwanga kupenya. Kwa kulehemu kwa fedha ndani ya soketi (kiungo cha chuma ambamo ncha za paipu huingia), nafasi kati ya paipu na soketi iwe kati ya mm 0.05 na 0.15. Ikiwa finyu zaidi fedha haipiti, na ikiwa pana zaidi haivutwi. Brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki, inavumilia nafasi kubwa kidogo. TIG, yaani kuchomelea kwa umeme kwa ncha ya tungsteni chini ya gesi ya argoni, ndiyo isiyosamehe: ukiacha mwanya wa mm 0.2 upande mmoja, ukingo mwembamba unayeyuka na kurudi nyuma kabla hujauwekea waya, na shimo linakuwa kubwa kuliko mwanya ulioukimbia.

Kosa linaloharibu paipu nyingi kuliko moto ni kukata upande usio wake. Paipu hizi zina ncha nene mbili ambazo mara nyingi hazilingani urefu. Fundi akikata sentimita nane zote upande mmoja kwa ajili ya fremu ndogo, mdomo unaingia kwenye sehemu inayopungua unene au kwenye tumbo lenyewe. Kwa macho ya nje huoni kitu. Unakuja kugundua wakati wa kuchomelea, pale mm 0.5 inapotoboka kwa mkondo uliopangwa kwa mm 0.8. Mbaya zaidi ni isipotoboka, maana itakuja kupasuka barabarani.

Kuzijua ncha kabla ya kukata: elekeza paipu kwenye dirisha na uchungulie ndani. Pale unene unapobadilika kuna pete ya kivuli. Kama pete haionekani vizuri, chukua fimbo nyembamba ndefu uliyoikunja ncha kidogo, ivute taratibu juu ya ukuta wa ndani, na mkono utahisi mteremko. Weka alama ya kalamu nje kwa pande zote mbili, andika urefu, halafu ndipo upange mikato. Kanuni yetu ni kwamba baada ya mdomo kuchongwa, ibaki angalau mm 30 ya unene kamili kwa TIG, na mm 40 hadi 50 kwa brasi, kwa kuwa moto wa gesi unasambaa mbali. Kwa fremu ndogo sana agiza paipu fupi yenye ncha ndefu. Ukilazimisha ile iliyopo, umeamua kuchomelea tumbo.

Moto upi kwa paipu ipi

853 imetengenezwa ikifikiria TIG, na hapo inastahili sifa zote inazopewa. Chuma kilichokomazwa kiwandani kama 725, ukikichomelea, kina ukanda kando ya mshono unaopoteza sehemu ya ukomavu wake, ndiyo maana ncha zake zinaachwa nene. Kwenye 853 ukanda ulio karibu kabisa na mshono unapanda joto la juu, unapoa hewani, na kukomaa tena. Bado kuna eneo jembamba mbele kidogo ambalo joto lilifika nusu nusu na likalainika, kwa hiyo ncha nene haijapoteza kazi yake hata hapa.

Neno muhimu ni kupoa hewani. Kitambaa kilicholowa maji kikiwekwa kwenye kiungo ili fundi aendelee haraka, ukanda unakuwa mgumu hadi unavunjika kama kioo. Feni nayo ni mbaya mara mbili, kwani inapooza haraka na inapeperusha argoni inayolinda mshono. Acha kiungo kipoe chenyewe hadi uweze kukigusa, uendelee na kiungo cha upande mwingine.

Mkondo wa kuanzia ni ampea 1 kwa kila mm 0.025 ya unene, yaani karibu ampea 32 kwa ncha ya mm 0.8, na tungsteni ya mm 1.6. Waya wa ER70S-2 au ER80S-D2 wa mm 0.9 hadi 1.2 unatosha. Elekeza joto kwenye paipu nene zaidi, kwa mfano shingo (paipu fupi ya mbele inayoshika uma), na uivutie ile nyembamba kwenye dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Safisha sentimita mbili na nusu nje, na ndani pia. Sehemu ya ndani huwa inasahaulika, na mafuta ya kiwandani yaliyobaki mle ndiyo yanayotoa vinyweleo kwenye mshono. Pitisha argoni ndani ya paipu. Usipofanya hivyo, upande wa ndani unatoka na ukoko mweusi, na ufa unapenda sana kuanzia mahali pa namna hiyo.

Na tundu la hewa! Kila paipu inayozibwa pande zote iwe na tundu la mm 3 au zaidi upande unaofichika, kwenye shingo au kwenye silinda ya ekseli ya pedali. Hewa ikipata joto inatafuta pa kutokea, na isipopata inatokea kwenye dimbwi lako wakati unafunga sentimita ya mwisho. Mshono unatumbuka kama jipu. Fundi mgeni hudhani mkono wake ndio mbovu. Matundu hayohayo baadaye yanatoa maji ya mvua na kuingiza mafuta ya kuzuia kutu.

Fedha sasa. Mchanganyiko wenye fedha asilimia 56 unaanza kuyeyuka nyuzi 618 za Selsiasi na kuwa maji kamili nyuzi 652. Ni moto wa upole, unaoacha paipu nyembamba zikiwa na afya, na soketi zilizochongwa vizuri zinapendeza. Tatizo ni kwamba katika nyuzi hizo chuma hakifiki joto la kubadilika muundo, kwa hiyo ile sifa ya kukomaa hewani haipati hata nafasi ya kufanya kazi. Unanunua 853 na kuacha nusu ya ulichokinunua kwenye sanduku. Fremu itakuwa nzuri, ndiyo. Ila 725 ndani ya soketi zilezile, kwa fedha ileile, itakuwa nzuri vilevile.

Brasi inayeyuka kati ya nyuzi 870 na 900, inafika kwenye joto la kukomaza, lakini inapasha eneo pana na kiungo kinapoa polepole. Kinachotakiwa kuogopwa zaidi ni kukaa muda mrefu. Chuma kikizidi wekundu na kuelekea rangi ya chungwa iliyokolea huku brasi ikiwa maji, shaba inapenya katikati ya chembe za chuma, hasa kama paipu imekazwa kwenye jigi (kifaa kinachoshikilia fremu wakati wa kuunga) na inavutwa. Kiungo kinapoa, kinang'aa, kinapendeza, na ndani kina nyufa za unywele. Kwa hiyo legeza jigi baada ya kushikiza, lehemu robo kwa robo, na ukiona unahangaika zaidi ya dakika chache mahali pamoja, ondoa moto, acha ipoe, tia dawa ya kulehemu upya. Dawa iliyoungua na kuwa nyeusi haitoi kitu tena, na kuiongezea moto ni kuiongezea madhara paipu.

Jambo la afya: fimbo za fedha za zamani zilizobaki kwenye makabati ya karakana nyingi zina kadimiamu. Mvuke wake unaharibu mapafu, na mtu huenda asijisikie vibaya hadi saa kadhaa zipite. Kama fimbo haina karatasi inayosema haina kadimiamu, usiitie moto.

Nati za kushikia chupa zinahitaji sentensi zake. Ziko mm 64 kutoka moja hadi nyingine, uzi wa M5, na zinakaa kwenye tumbo, yaani sehemu nyembamba kuliko zote. Tundu liwe la kuingia kwa kusukuma kwa kidole, ukingo usafishwe kwa msasa, na ulehemu kwa fedha peke yake. Brasi hapo inakomaza duara moja, inalainisha duara linalolizunguka, na mzigo wa chupa unatikisa mpaka huo kila shimo la barabara. Ukiona fremu ya paipu nyembamba imepasuka kuanzia nati ya chupa, chunguza rangi ya mshono chini ya rangi ya fremu. Mara nyingi utaikuta ya njano.

Kinachogoma kunyooka

Paipu za 525 zina tabia ya kusamehe. Fremu ikitoka kwenye jigi na upande wa nyuma umehama mm 2, unaweka nyenzo, unavuta, unapima kwa uzi kutoka shingoni, inakaa. 853 inarudi ilikotoka kama upinde. Unavuta mm 10 inarudi mm 10, unavuta mm 20 inarudi mm 19, na kabla hujapata ulichotaka unaweza kuwa umebonyeza ukuta karibu na silinda. Maana yake unyoofu lazima upatikane kabla ya moto na wakati wa moto, kwa mpangilio wa kushikiza: juu, chini, kushoto, kulia, pima, halafu mshono wa robo kwa robo ukihama upande. Kiungo cha paipu ya siti na silinda kifungwe na kupimwa kwanza, kwa kuwa ndicho kinachobeba vipimo vya vingine vyote.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendekezi 853 kwa paipu za nyuma kwenye fremu za kazi. Nyuma ndiko mabadiliko yanakuja maishani: mteja anataka kutoka habu ya mm 130 kwenda 135, baiskeli inaanguka upande wa cheni, kishikio cha gia kinapinda na bamba la ekseli linakifuata. 631 ni ya tabaka lile la kukomaa hewani, ila haijakomazwa kwa joto kiwandani, na inapindika na kunyooka kwa adabu. Hata fremu nyingi za viwandani zenye stika ya 853 zina chuma kingine nyuma. Soma stika hadi mwisho. Ikiandika paipu kuu, inamaanisha zile tatu za mbele tu.

Paipu ya siti ni kichwa kingine cha maumivu. Ya mm 28.6 yenye ukuta wa mm 0.6 ina tundu la mm 27.4, na nguzo ya siti ya mm 27.2 inaingia. Ukiichomelea kwa TIG juu, pale paipu ya juu na zile nyembamba za nyuma zinapokutana, tundu linakuwa yai. Kwenye chuma laini unapitisha kifaa cha kupanulia na yamekwisha. Kwenye 853 sehemu iliyovimba ndani ndiyo hiyohiyo iliyokomaa, na makali ya kifaa yanakatika vipande. Kinga ni kuweka kipande cha aluminiamu au brasi kilichokerezwa kukaa ndani ya tundu wakati wa kuchomelea kikanyonya joto, kutumia paipu ambayo unene wake umeongezwa upande wa nje, na kutoa kidogo kidogo kwa jiwe la kusugulia badala ya makali. Ukilazimisha nguzo iingie kwa nyundo, umeshakwama. Itakuja kung'ang'ania na mteja atairudisha fremu nzima.

Silinda ya ekseli ya pedali haina uhusiano na 853, huwa ni kipande cha chuma cha kawaida cha mm 68 chenye uzi wa inchi 1.37 kwa 24. Lakini moto umeibana, kwa hiyo safisha uzi na usawazishe nyuso baada ya kila kitu kupoa. Upande wa kulia uzi wake unafungwa kinyume cha saa. Anayesahau huharibu uzi wa fremu mpya siku ya kwanza.

Ikirudi karakana

Fremu za 853 zinazorudi zina malalamiko yanayojirudia. Kubonyea kwa paipu ya juu ndiko kunakoongoza. Kwenye paipu nene unafunga vipande viwili vya kubana vilivyochimbwa mm 28.6, unatia mafuta, unazungusha, na bonde linapungua. Kwenye tumbo la mm 0.5 lililokomaa, bonde dogo lisilo na kona kali unaweza kulisawazisha nusu. Lenye kona kali liache, ukilizungusha linapasuka kwenye kona. Lijaze na upake rangi, au badilisha paipu. Bonde dogo katikati ya paipu ya juu halimzuii mtu kupanda baiskeli.

La pili ni ufa chini ya paipu ya chini, sentimita moja hadi tatu nyuma ya shingo. Huanza kama mstari wa rangi uliopasuka wenye uzi wa kutu ya kahawia. Kuhakikisha, toa rangi kwa msasa laini, paka mafuta mepesi ya kupenya, subiri, futa hadi pakauke kabisa, kisha pakaza vumbi la chaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha yatarudi juu na kuchora mstari mwembamba mweusi kwenye chaki. Kama ni rangi tu, chaki inabaki nyeupe. Ufa huo usiuzibe kwa waya juu yake. Mshono huo unawekwa kwenye chuma kilichokwisha kuchoka, na pengine mwanzo wa tumbo uko sentimita mbili tu mbele. Paipu nzima itoke. Kwa viungo vya fedha unaivuta kwa moto na soketi inabaki. Kwa viungo vya TIG unaikata kwa msumeno na kusaga mabaki hadi kwenye shingo, kazi ya saa nyingi, na shingo yenyewe sasa ni ngumu kando ya mshono wa zamani. Mwambie mteja hivyo kabla hujaigusa.

Kutu ni ileile ya chuma chochote. 853 haina cha ziada hapo. Anayetaka chuma kisichoshika kutu atazame 953, yenye matatizo yake mengine. Kwenye ukuta wa mm 0.5 kutu ina safari fupi. Mimina mafuta ya kitani au nta ya maji ndani kupitia matundu ya hewa, zungusha fremu pande zote, acha itiririke usiku kucha ikiwa imening'inizwa, na usizibe matundu ya chini kwa rangi.

Fremu iliyopoteza stika inajulikana vipi? Gonga kwa kucha katikati ya paipu, kisha karibu na kiungo. Sauti ikibadilika sana, tumbo ni jembamba. Gusa kwa tupa ndogo mahali palipofichika, ndani ya mdomo wa paipu ya siti: ikiteleza, chuma kimekomazwa. Hilo linakuambia ni ya kundi la 725 au 853, halikuambii ni ipi. Kabla ya kuitengeneza ichukulie kama 725, kwa sababu utaratibu wake wa moto ni wa tahadhari zaidi na hautaiumiza 853.

Tunaiweka wapi

Kwa fundi wa TIG mwenye mkono uliotulia, anayejenga fremu ya barabara kwa mpandaji asiyebeba mizigo, 853 kwa paipu tatu kuu na 631 nyuma ndilo chaguo letu. Juu mm 28.6 yenye unene wa 0.8/0.5/0.8 (ncha, tumbo, ncha), chini mm 34.9 yenye unene uleule, siti mm 28.6 iliyonenepeshwa nje. Mshono unatoka na nguvu ambazo 525 haiwezi kuzifikia, na mkono ukishazoea, kuchomelea kwake si kugumu kuliko chuma kingine chembamba.

Kwa soketi na fedha, chukua 725 na usijute. Kwa brasi iliyojazwa na kusuguliwa kwenye kona, 725 tena, au 631 kama mpandaji ni mzito na unene si hoja. Kwa baiskeli ya mizigo, ya safari ndefu yenye vishikio mbele na nyuma, au ya mtoto anayejifunza, 525 ya kipenyo kikubwa na tumbo la mm 0.6 au zaidi. Karakana yoyote yenye gesi itaweza kuitengeneza huko itakakoharibikia.

Na fundi anayejifunza kuchomelea asianzie kwenye 853 hata kama mteja analipia. Achonge midomo kumi ya 525, aichomelee, aikate kwa urefu katikati ya mshono na kutazama ndani. Upande wa ndani ukiwa na mstari mwembamba unaofuatana, usio na ukoko wala mashimo, kwenye vipande vitatu mfululizo, ndipo afungue boksi la 853. Na aweke tupa mpya pembeni.